Kitabu cha gulioni chenye muhuri wa chuo cha Kiyahudi: nikirudishe kwa nani?

SWALI: Naishi Leipzig, kwetu ni Tanga. Kwenye gulio la vitu vikuukuu nilinunua boksi la vitabu vya zamani kwa euro 15. Viwili vinaninyima usingizi. Cha kwanza ni cha falsafa, cha Kijerumani, kimechapwa 1891, kina muhuri unaosema "Lehranstalt für die Wissenschaft des Judentums". Cha pili ni kitabu cha sala cha Kiebrania na Kijerumani, kina jina la mtu na maneno ya mkono ya mwaka 1926, na kimeota ukungu. Muuzaji aliniambia nikiukwangua ule muhuri, bei itapanda. Je, hii ni mali iliyoporwa wakati wa Hitler? Niipeleke ubalozi wa Israeli, sinagogi la hapa, au nikae nayo? Na huo ukungu niufanyeje?

JIBU: Dada, nianze na lile ambalo likiharibika halitengenezeki tena: muhuri usiguswe. Wala lebo, wala namba ya penseli iliyoandikwa pembeni, wala kikaratasi kilichosahauliwa katikati ya kurasa. Kuhusu bei, muuzaji wako hakudanganya. Wanunuzi wengi hupenda kitabu kisicho na maswali, na ndiyo maana vitabu kadha wa kadha vya miaka ile utavikuta vimekatwa kipande palipokuwa na muhuri, au vimechanwa ukurasa wa kwanza. Lakini kitabu kilichochapwa kina wenzake mamia wanaofanana nacho neno kwa neno. Kinachokifanya kiwe cha fulani ni alama alizoacha huyo fulani. Ukizikwangua, hata mjukuu wake akisimama mbele yako hutakuwa na la kumwonyesha.

Kitabu chako cha falsafa kina asili inayojulikana. Chuo chenye muhuri huo kilianzishwa Berlin mwaka 1872 kwa jina la Hochschule, yaani chuo cha elimu ya juu, cha kusomea Uyahudi kwa mbinu za kitaaluma. Serikali ilikishusha hadhi, kikaitwa Lehranstalt, yaani taasisi ya mafunzo tu, kuanzia 1883 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kikarudishiwa jina lake la kwanza, kisha Wanazi wakakishusha tena mwaka 1934. Kwa hiyo neno Lehranstalt peke yake halitoshi kutuambia kitabu kiliingia maktabani lini, maana cha 1891 kingeweza kuingia katika kipindi chochote kati ya hivyo viwili. Chuo kilifungwa 1942. Rabi Leo Baeck, aliyefundisha pale hadi mwisho, alipelekwa kambi ya Theresienstadt Januari 1943. Maktaba ya chuo, takriban vitabu 60,000, ilichukuliwa na Ofisi Kuu ya Usalama wa Dola, ile ile iliyokuwa na polisi wa siri chini yake.

Kipo kizuizi kimoja kabla ya kutamka kwamba kimeporwa. Maktaba huuza nakala za ziada, na zimekuwa zikifanya hivyo tangu zamani. Tazama kama kuna muhuri wa pili, au neno Dublette (nakala ya ziada), linaloonyesha kwamba chuo chenyewe kilikitoa kitabu hicho kabla ya 1933. Kama hakuna, uwezekano mkubwa ni kwamba kilitoka rafuni bila ridhaa ya wenyewe.

Huenda unajiuliza kwa nini hakikuchomwa. Picha za moto wa tarehe 10 Mei 1933 kule Berlin zimetufanya wengi tuamini kwamba Wanazi walikuwa maadui wa vitabu tu. Walikuwa pia wakusanyaji wakubwa mno. Alfred Rosenberg, mwanaitikadi mkuu wa Wanazi, alianzisha kikosi maalumu kilichofuata nyuma ya jeshi kuanzia 1940, kikifungua maktaba za Wayahudi huko Paris, Amsterdam, Thessaloniki, Vilnius na Kiev, na mwaka 1941 akazindua Frankfurt taasisi ya kuchunguza kile walichokiita suala la Wayahudi. Walitaka kuwasoma watu wale wale waliokuwa wakiwaua. Kila kikosi kiligombania shehena yake. Watu wa Rosenberg na watu wa usalama walinyang'anyana maktaba kama mapande ya nyama. Kisichotakiwa kilisagwa. Mjini Vilnius, Lithuania, kikosi kiliwalazimisha wasomi wa Kiyahudi kutoka geto, mtaa walimofungiwa Wayahudi, wachambue maktaba za watu wao wenyewe. Sehemu ndogo ilitengwa ipelekwe Ujerumani, na nyingine, takribani asilimia 70, ilikwenda kiwanda cha karatasi. Washairi Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski walikuwa miongoni mwa wafanyakazi hao. Walificha miswada chini ya nguo wakapita nayo getini mbele ya walinzi, jambo lililokuwa na adhabu ya kifo. Wawili hao walinusurika. Mkutubi Herman Kruk, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo na ya maktaba ya geto, aliuawa Estonia Septemba 1944.

Roma ilikuwa na mambo yake. Mabehewa ya kwanza yaliyobeba vitabu vya jumuiya ya Wayahudi yaliondoka katikati ya Oktoba 1943, na tarehe 16 ya mwezi huo huo wakakamatwa watu wenyewe, zaidi ya 1,000 wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Vitabu vya chuo cha marabi vilipatikana kwa sehemu kubwa baada ya vita. Maktaba ya jumuiya, yenye machapisho adimu ya karne ya 16, haijaonekana hadi leo. Serikali ya Italia iliunda tume ya kuitafuta mwaka 2002. Ilifanya kazi kwa miaka kadhaa ikaondoka mikono mitupu.

Sasa nikueleze kwa nini ninaushikilia muhuri kiasi hiki. Machi 1946 jeshi la Marekani lilifungua ghala la kukusanyia vitabu vilivyoporwa mjini Offenbach, ng'ambo ya mto Main kutoka Frankfurt, ndani ya jengo la kampuni ya kemikali ya I.G. Farben. Mkuu wa kwanza alikuwa Kapteni Seymour Pomrenze, mtunza nyaraka kwa taaluma. Aliyempokea, Kapteni Isaac Bencowitz, alikuta shida ya aina yake: vitabu vilikuwa vya Kiebrania, Kiyidishi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki) na lugha nyingine chungu nzima, na wafanyakazi wake walikuwa raia wa Kijerumani ambao wengi wao hawakujua hata herufi moja ya Kiebrania. Kungoja wasomi wasome kila ukurasa kungechukua miaka. Alichofanya ni kupiga picha mihuri na lebo za wamiliki, kisha kila mchambuzi akapewa mihuri michache ya kukariri kwa umbo lake. Si lazima ujue kusoma ili umtambue simba, nyota, au duara lenye herufi tatu katikati. Kitabu kilipita mbele ya watu; aliyeuona muhuri "wake" alikitoa na kukiweka kwenye kasha lake. Ile isiyotambulika ndiyo ikapelekwa kwa wajuzi. Kwa njia hiyo ghala lilishughulikia zaidi ya vitu milioni 3 hadi lilipofungwa mwaka 1949. Albamu za picha za mihuri hiyo zipo mpaka leo, na sisi tunaofanya kazi hii bado tunazifungua.

Vile vyenye muhuri unaosomeka na mwenyewe aliye hai vilikwenda upesi. Maktaba ya Ets Haim ya sinagogi la Wareno la Amsterdam, iliyoanzishwa 1616, ilirudi 1946, na ukienda Amsterdam utaikuta mahali pake. Lakini utaratibu wa wakati ule ulikuwa kurudisha kwa nchi, si kwa mtu: vya Uholanzi kwa serikali ya Uholanzi, vya Ufaransa kwa Ufaransa. Je, vya mji ambao Wayahudi wake wameuawa karibu wote, virudi kwa nani? Na vya Vilnius, ambayo sasa ilikuwa chini ya Wasovieti, wakati Marekani haikutambua Lithuania kuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti? Taasisi ya YIVO ya Vilnius, ya utafiti wa lugha na utamaduni wa Kiyidishi, ilikuwa imehamishia makao yake New York mwaka 1940, na ikasema: sisi ndio wenyewe, tupo. Mwaka 1947 makasha 420 yakapakiwa melini kwenda New York.

Vilivyobaki bila mwenyewe, kama nusu milioni, vilikabidhiwa mwaka 1949 kwa shirika la Kiyahudi lililoitwa Jewish Cultural Reconstruction. Mwenyekiti alikuwa mwanahistoria Salo Baron, na katibu mtendaji Hannah Arendt, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua baadaye kwa falsafa yake. Waligawa takribani asilimia 40 kwa Israeli, nyingine kama hizo kwa Marekani, na zilizosalia kwa Uingereza, Afrika Kusini, Argentina na kwingineko. Hoja yao ilikuwa kwamba vitabu viwafuate wasomaji. Jumuiya ndogo za Wayahudi waliobaki au kurudi Ujerumani ziliumia, kwa sababu ziliambiwa kwa maneno mengine kwamba hazina mustakabali. Mimi nadhani shirika lilikuwa sahihi kwa rundo kubwa lisilo na majina. Ila pia limetuachia deni: ndani ya nusu milioni ile vilikuwamo vitabu vyenye majina ya watu binafsi ambao warithi wao wangeweza kutafutwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa faida yako, shirika hilo lilibandika lebo yake kwenye vitabu lilivyogawa. Ukiiona kwenye chako, ujue kilishapita kwenye ugawaji halali wa wakati ule, na swali linabadilika.

Sidhani utaiona. Cha kwako kiko Leipzig, na vitabu vya upande wa mashariki vilipita njia nyingine. Baada ya Mei 1945 majengo ya Berlin yalikuwa yamejaa vitabu visivyo na mlinzi. Ofisi ya kuokoa vitabu ikavigawa kwa maktaba zilizopoteza vyao kwa mabomu. Vingine vilichukuliwa na Wasovieti hadi Moscow na Minsk. Katika Ujerumani Mashariki kulikuwa na kituo cha serikali kilichokusanya akiba za vitabu vya zamani, kikazisambaza kwa maktaba na kuuza nyingine nje ili kupata fedha za kigeni. Maktaba ilipopunguza rafu, msomi alipofariki na watoto wakauza nyumba, kitabu kikafika gulioni. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehitaji kuwa mwizi.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Berlin yenyewe. Mwaka 1943 maktaba ya jiji ilinunua zaidi ya vitabu 40,000 kutoka ofisi ya rehani ya manispaa. Vilikuwa vimetoka kwenye nyumba za Wayahudi waliosafirishwa kwenda kuuawa. Wakutubi waliviandikisha karibu 2,000 katika daftari la peke yake lenye herufi J, na vita vilipokwisha kazi ya kuviingiza iliendelea, safari hii vingine vikiandikwa kuwa ni zawadi. Zawadi! Watafiti wa maktaba hiyo walikuja kuligundua daftari hilo miongo kadhaa baadaye, na tangu hapo wanavirudisha kimoja kimoja. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha watoto ambacho mvulana alipewa na mwalimu wake kwenye sikukuu ya Kiyahudi ya Hanuka ya 1937. Alipatikana akiwa mzee, anaishi Marekani. Thamani ya kitabu chenyewe sokoni haikufika bei ya nauli ya kukifuata.

Basi turudi kwenye vyako. Kwa cha falsafa, usihangaike na ubalozi. Mmiliki alikuwa chuo, na taifa la Israeli halikuwapo kipindi hicho. Taasisi za Leo Baeck, zinazotafiti historia ya Wayahudi wanaozungumza Kijerumani, zina mradi uitwao Library of Lost Books unaotafuta vitabu vya chuo hicho hicho popote vilipo duniani, na unawaomba watu wa kawaida kama wewe watoe taarifa. Vimeshaonekana Ujerumani, Ucheki, Israeli, Uingereza na Marekani. Piga picha ya jalada, ukurasa wa jina, kila muhuri na kila namba, uwatumie. Wao hawalazimishi kitabu kiondoke mikononi mwako siku hiyo hiyo. Kujua kilipo tu ni nusu ya kazi. Linganisha pia muhuri wako na picha zilizomo kwenye kanzidata ya Looted Cultural Assets, inayoendeshwa na maktaba za Ujerumani kwa pamoja.

Kitabu cha sala ndicho kigumu, na hapo nakuomba uende polepole. Jina na mwaka 1926 havithibitishi uporaji. Familia nyingi zilihama na kuacha vitu kwa jirani, au ziliuza kwa bei ya kutupa ili zipate nauli. Kuuza kwa namna hiyo baada ya 1933 huhesabiwa kuwa hasara iliyotokana na mateso, hata kama fedha zilipokelewa. Anza na maneno ya mkono. Kama huwezi kusoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani, mpate mzee wa Kijerumani au mtunza nyaraka akusomee. Yatafute mahali, tukio, uhusiano: "kwa binti yetu siku ya harusi" ni habari kubwa kuliko jina tupu. Kisha tafuta jina katika vitabu vya anwani vya miaka hiyo, ambavyo vingi viko mtandaoni, halafu katika kitabu cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa cha Hifadhi ya Shirikisho la Ujerumani, kanzidata ya majina ya Yad Vashem (taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji hayo), na hifadhi ya Arolsen ya nyaraka za walioteswa na Wanazi. Majina hufanana mno. Usimwandikie mtu ukimwambia kitabu cha marehemu bibi yake kiko kwako kabla mji, mwaka na jina la pili havijakubaliana. Na tafadhali usianze kwa kuweka picha Facebook yenye jina zima. Familia ina haki ya kuzisikia habari hizi faraghani kwanza.

Ukikwama, kituo cha Ujerumani cha mali za kitamaduni zilizopotea, kilichoko Magdeburg, hupokea taarifa za vitu vilivyopatikana, hata kutoka kwa watu binafsi, na kuviweka kwenye kanzidata yake ya Lost Art. Kama utafutaji wote utagonga mwamba, hapo ndipo sinagogi linapoingia. Kitabu cha sala chenye jina la Mungu hakitupwi katika mila za Kiyahudi. Kikichakaa huwekwa chumba maalumu, kisha huzikwa makaburini. Wewe uliyelelewa Tanga umeona misahafu iliyochakaa inavyotunzwa, kwa hiyo hili halihitaji maelezo mengi. Jumuiya ya Wayahudi ya Leipzig ipo na sinagogi lake la Keilstraße ni miongoni mwa machache yaliyopona Wanazi walipochoma masinagogi mwaka 1938, kwa kuwa lilikuwa limebanana na nyumba za watu. Waulize kabla ya kuwapelekea. Wao ni wa mwisho kwenye orodha kwa sababu moja tu: mwenye kitabu alikuwa na jina.

Ukungu. Mtu wa pwani anaijua harufu hiyo, na silka yetu ni kuanika juani. Usifanye hivyo. Jua hupausha wino, na joto la ghafla hukunja jalada. Kitenge kitabu mbali na vingine, kifunge kwa karatasi nyeupe isiyo na wino, na si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu ndani. Kiweke kwenye chumba kikavu chenye baridi ya wastani na hewa inayopita. Nyumba za Ujerumani zenye kipasha joto wakati wa baridi huwa kavu, na hilo ni la kukusaidia. Ukungu ukishakauka ukawa vumbi, toka nacho nje, vaa barakoa ya FFP2 na glavu, upanguse kwa brashi laini ukielekeza vumbi mbali na mgongo wa kitabu na mbali na uso wako. Glavu hapa ni kwa afya yako; kwa kufunua kurasa za kawaida mikono iliyonawiwa ikakauka ni bora kuliko glavu, maana kidole kinachohisi karatasi hakiichani. Siki, spiriti, dawa ya kung'arisha nguo, vyote viache. Selotepu pia. Maandishi ya 1926 yakikaribia kuguswa na madoa, simama hapo, mtafute mrekebishaji vitabu.

Na kama kikiwa kimelowa kabisa, kigandishe. Mei 2003 wanajeshi wa Marekani walikuta vitabu vipatavyo 2,700 na makumi ya maelfu ya nyaraka za Wayahudi wa Iraki ndani ya ghorofa ya chini iliyojaa maji, kwenye makao ya idara ya ujasusi ya Saddam Hussein mjini Baghdad. Katika joto lile vikaanza kuota ukungu upesi. Wahifadhi wakavitia kwenye lori la barafu, kisha vikasafirishwa kwa ndege hadi Texas kukaushwa vikiwa vimeganda katika chumba kilichoondolewa hewa, ambako barafu hugeuka mvuke bila kupitia maji. Baridi haiui ukungu, inausimamisha tu, lakini muda ndio ulikuwa unahitajika. Kwa upande wa kurudisha, mzozo wake haujaisha: Marekani iliahidi kuvirejesha Baghdad, na Wayahudi wa Iraki, ambao wengi wao waliondoka mwaka 1950 na 1951 wakinyang'anywa mali na uraia, wanauliza virejeshwe kwa nani huko, kwa ofisi iliyovichukua?

La mwisho ni hofu yako kuhusu wizi. Kanuni za Washington za 1998 kuhusu mali zilizoporwa na Wanazi, zilizokubaliwa na nchi 44, zinazihimiza taasisi za umma, hazikubani wewe. Sheria ya Ujerumani kwa kawaida haikupi umiliki wa kitu kilichoibwa kwa sababu tu ulikinunua kwa nia njema, ila madai yaliyopita miaka 30 hayalazimishiki mahakamani. Hakuna atakayekugongea mlango. Ukiamua kuvirudisha, ni hiari yako, na fidia ya euro 15 usiitegemee. Vitabu vyenyewe usivitume kwa posta kabla hujapata jibu la maandishi linalosema nani anavipokea na kwa niaba ya nani. Kwa leo, andika kwenye karatasi ya pembeni tarehe uliyonunua, gulio gani, na muuzaji alisema boksi limetoka nyumba gani au mji gani, kama alisema. Ikiwa bado anauza pale pale, rudi umuulize kabla hajasahau.